Viatu Kutoka Shimoni

Kazi yangu ni kunong'ona.
Miaka kumi na tisa ndani ya kisanduku hiki
chini ya ukingo wa jukwaa, kitabu mapajani,
nawalisha waigizaji maneno yaliyowatoka
kama mtoto alishwavyo uji: kidogo, upesi, bila kelele.
Nyuso sizioni vizuri. Naona viatu.

Tsiala alikuja na raba za kaka yake,
baridi ile ambayo Tbilisi nzima haikuwa na umeme,
watu wakilipia tiketi kwa kuni, kwa mishumaa;
mmoja alileta nusu mkate na kiti chake mwenyewe.
Miaka ishirini na miwili. Alikariri kwenye foleni ya mkate,
akataka nafasi zote: malkia, mchawi,
hata ya mzee kipofu, ambayo ilikuwa na mwenyewe.

Kisha zikaja buti nyekundu, za ngozi, zenye zipu.
Hizo za Badri, muuza petroli,
aliyempenda kwa makelele, akimpigia honi usiku wa manane
hadi majirani wakamwagia maji kutoka dirishani.
Jumatatu wanaapizana. Jumatano buti zimerudishwa.
Alhamisi ziko tena jukwaani, kisigino kimoja kimelegea.
Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki;
haya yalikuwa kifaduro,
jumba zima lilikesha nayo.

Mwezi wa pili nikaona viatu vya sufi,
vimeshonwa kwa mkono na Levani, mchoraji wa mapazia,
mpole, aliyempakia mto mzima juu ya turubai
ili apate pa kutupia macho akilia.
Aliachwa. Au alimwacha yeye. Sikuuliza.
Ninachojua: usiku ule Tsiala aliruka kurasa mbili,
nikamrudisha kwa neno moja, "daraja",
akalidaka, kama mtu aliyeteleza ngazini
akajifanya amekusudia kucheza.

Baadaye alishuka kwangu, akakaa sakafuni, akavua soksi.
"Bibi Nutsa, mbona huku nakumbuka kila kitu
na nyumbani nasahau hata jina langu?"
Nikamwambia ale kwanza.

Halafu onyesho la kumi na moja.
Yeye ni mjane wa mlinzi wa daraja;
mume ametoka kwa wafu kuja kumchukua,
naye hana budi kusema: "Nenda. Sikufuati."
Maneno mawili.
Badri yuko safu ya tatu, harufu ya petroli imemtangulia.
Tsiala akanyamaza.

Nikahesabu hadi tano. Nikanong'ona: Nenda.
Kimya.
Nenda. Sikufuati.
Mshumaa wa kushoto ukadondosha nta ubaoni.
Nyuma ya pazia mwongozaji anang'ata kofia yake.
Marehemu, maskini, amesimama mkono hewani.
Ndipo ncha ya buti nyekundu ikagonga kisanduku changu,
mara moja, taratibu,
nami nikafunga kitabu.
Hakuwa amesahau.
Aliushika ukimya kama sufuria iliyotoka motoni,
kwa mikono mitupu, aone atafika nao wapi.

Aliposema, alisema kwa sauti ya kuomba chumvi.
Safu ya tatu, kiti kikalia. Mlango ukabamizwa.
Watu hawakupiga makofi. Walijikunyata makotini,
na mwanamke mmoja akalia kama aliyefumaniwa.

Ningependa kuishia hapo.
Lakini nilipotoka mlango wa uani, theluji ikishuka,
nikaliona gari la Badri, taa zinawaka,
na Tsiala ndani, anacheka, anafuta rangi usoni
kwa leso ya mwanamume.
"Bibi Nutsa, panda, tukufikishe!"
Nikapanda. Miguu ilishakufa ganzi.
Njia nzima waligombana juu ya zile buti,
nani kanunua, nani kaomba, nani kamdhalilisha nani,
nami kiti cha nyuma, midomo ikinicheza,
nikingoja mmoja wao akwame.
Hakuna aliyekosea hata nukta.